Gari linang'aa, mtaji unaliwa

JUMAMOSI asubuhi katika jiji la Dar es Salaam, kuanzia Sinza na Mwenge hadi Tabata na Kigamboni, kuna biashara moja ambayo haikosi wateja: kuosha magari. Vijana wenye mipira ya maji na ndoo za povu huanza kazi mapema, na wenye magari hukaa kivulini na gazeti au soda wakisubiri chombo kitoke kiking'aa.

Biashara hiyo imekua bega kwa bega na soko la magari yaliyotumika. Serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984 na kuwaruhusu wenye fedha zao kuingiza bidhaa, mlango ulifunguka. Miaka iliyofuata, gari lililotumika kutoka Japani likawa hatua kwa hatua ndilo gari la mwalimu, la mwenye duka na la mwenye teksi. Kwa wengi wao, baada ya nyumba au kiwanja, gari ndiyo mali kubwa kuliko zote walizonazo.

Ni ajabu basi kwamba sehemu ya mali hiyo inayoonekana kuliko zote, yaani rangi, ndiyo inayotunzwa kwa ujinga kuliko zote. Mwenye gari hubadilisha oili kwa kufuata kilomita. Matairi huyatazama. Lakini rangi huikabidhi kwa yeyote mwenye tambara, akisema neno moja tu: "Piga polishi."

Neno hilo ndilo chanzo cha hasara. Katika soko la hapa, "polishi" ni jina la bidhaa mbili zinazofanya kazi zilizo kinyume. Moja hukwangua rangi ili ing'ae. Nyingine huifunika ili isiharibike. Mteja hulipia mng'aro akidhani amenunua kinga, na mara nyingi mng'aro huo umepatikana kwa kuila kinga aliyokuwa nayo.

NUSU YA KARATASI

Rangi ya gari la kisasa hupangwa kwa matabaka. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wa gereji huliita "klia". Mtindo wa kumalizia kwa klia ulienea viwandani katika miaka ya 1980, na magari mengi yanayoteremshwa bandarini leo yametengenezwa hivyo. Yapo baadhi, hasa yenye weupe wa kawaida, yasiyo na klia. Hayo yakisuguliwa, tambara hubeba weupe.

Unene wa matabaka yote kwa pamoja, kwa gari ambalo halijapigwa rangi upya, kwa kawaida ni kati ya maikroni 100 na 150. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa maikroni zipatazo 100. Klia peke yake, ambayo mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50, ni kama nusu ya karatasi hiyo.

Nusu hiyo ya karatasi ndiyo inayobeba mzigo wote. Ndani yake mna kemikali za kupunguza nguvu ya mionzi ya jua. Ndiyo inayopokea mchanga, chumvi ya bahari, kinyesi cha ndege na utomvu wa miembe. Ikiisha, rangi ya chini hupauka, na paa na boneti hutoka mabaka meupe yanayobanduka kama ngozi iliyoungua. Zikifika hapo, hakuna kopo la dukani linaloweza kurudisha kilichoondoka. Kinachobaki ni kupiga rangi upya.

Kupiga rangi upya nako si kurudi mwanzo. Kiwandani, klia huokwa katika joto la nyuzi zipatazo 140 za Selsiasi kabla gari halijawekewa viti, nyaya na plastiki. Gereji haiwezi kulichoma gari zima kwa joto hilo bila kuyeyusha vilivyomo. Hata gereji yenye chumba cha kukaushia hutumia nyuzi zipatazo 60, na nyingi za mitaani hukausha kwa hewa. Fundi mzuri anaweza kutoa kazi ya kupendeza, lakini rangi ya kiwandani ni mtaji unaotolewa mara moja tu.

POLISHI HUPUNGUZA, NTA HUFUNIKA

Kompaundi na polishi za kusugulia zina chembe ndogo ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini. Kazi yake ni ileile ya msasa, isipokuwa chembe ni ndogo zaidi. Mkwaruzo ukionekana kwenye klia, polishi haiujazi. Huikwangua klia iliyo pembeni mwa mkwaruzo hadi uso wote uwe sawa. Mwanga ukipiga hapo hurudi bila kutawanyika, na jicho huona mng'aro.

Si dhambi kufanya hivyo. Gari lililokaa miaka kadhaa bila matunzo linahitaji polishi mara moja, kwa mkono wa mtu anayejua. Kosa ni kuifanya kuwa desturi ya kila mwezi. Chukua hesabu ya mfano: ikiwa kila safari ya kompaundi kali inaondoa maikroni 3, safari 5 zitaondoa maikroni 15. Kwa klia ya maikroni 45, hiyo ni theluthi nzima. Mwenye gari amelipa mara 5 ili auze theluthi ya kinga yake, na kila mara aliondoka akitabasamu.

Mashine huongeza kasi ya hasara hiyo ikiwa mikononi mwa asiyefundishwa. Ile inayozunguka mhimili mmoja tu huleta joto kali, na kwenye kingo za boneti na milango, ambako rangi ni nyembamba, inaweza kufika kwenye praima kwa muda mfupi. Ile inayozunguka huku ikitikisika ni ya polepole na salama zaidi kwa anayejifunza.

Nta ni jambo jingine kabisa. Nta haikwangui kitu. Hukaa juu ya klia kama utando mwembamba, na jua, chumvi na uchafu huanza kuila nta kabla ya kuigusa klia. Baada ya wiki kadhaa nta huisha, nayo hupakwa tena. Kwa lugha ya mwekezaji, nta ni gharama ya uendeshaji na klia ni mtaji. Mwenye busara hulipa gharama ndogo mara kwa mara ili mtaji ubaki.

Ipo na bidhaa ya tatu ambayo mnunuzi anapaswa kuifahamu, nayo ni ile inayoficha. Baadhi ya makopo huwa na mafuta na silikoni zinazojaza mikwaruzo kwa muda. Gari huonekana jipya siku ya kuuzwa, na baada ya kuoshwa mara 2 au 3 kwa sabuni mikwaruzo yote hurudi. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

MAADUI WA PWANI

Hali ya hewa ya pwani haina huruma na rangi. Jua ni kali mwaka mzima. Boneti nyeusi iliyoachwa juani saa sita mchana inaweza kufikia nyuzi 70. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu kwenye jeraha dogo lililoachwa na kokoto, kutu huanza.

Halafu kuna kunguru. Ndege hao weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na leo Dar es Salaam ni kwao. Kinyesi chao kina asidi. Kikikaa juani kwenye boneti ya moto, rangi hulainika. Jioni inapopoa hujikaza upya ikiwa imeshika umbo la doa. Doa la saa chache huondoka kwa maji na kitambaa laini. La siku kadhaa huacha kovu ndani ya klia, na kovu hilo haliondoki ila kwa kukwangua. Gari lenye nta humpa mwenyewe muda zaidi wa kufika na maji. Halimpi ruhusa ya kulisahau doa.

Adui wa mwisho hujificha kwenye ndoo yenyewe. Visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, na maji hayo yakikauka juani juu ya rangi huacha madoa meupe. Sabuni ya unga ya kufulia nguo, inayopendwa kwa kuwa na povu jingi, imetengenezwa kuondoa mafuta, na nta nayo huondoka humo humo. Na tambara moja linalofuta tairi, likatumbukizwa ndoo ileile, kisha likapanda juu ya paa, hubeba mchanga unaochora miduara midogo inayoonekana wazi gari likisimama juani. Miduara hiyo ndiyo inayomrudisha mwenye gari kuomba "polishi" mwezi unaofuata. Kwa hiyo anayeosha vibaya huzalisha ugonjwa, na palepale huuza dawa inayomaliza mgonjwa.

YADINI: MNUNUZI ATAZAME NINI?

Kwa mfanyabiashara anayenunua na kuuza magari, rangi ni daftari la historia ya chombo, na haipaswi kusomwa jioni wala kwenye kivuli. Gari litazamwe juani likiwa limeoshwa na kukauka. Rangi ya ndani ya fremu ya mlango na chini ya kifuniko cha buti ilinganishwe na ya nje. Ikitofautiana, kuna mlango au madigadi iliyopigwa rangi. Uso wenye vijinundu kama ganda la chungwa kupita sehemu nyingine za gari hiyohiyo huonyesha jambo lilelile.

Kipo kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, kinachoshikika mkononi. Kikiwekwa juu ya bati husoma maikroni papo hapo. Sehemu inayosoma 100 hadi 150 kwa kawaida ni ya kiwandani. Ikipanda hadi 200 na zaidi, huenda imepigwa rangi mara ya pili. Ikipita 500, uwezekano mkubwa ni kwamba kuna puti chini yake, na palipo na puti palikuwa na pigo. Ikishuka mno kuliko sehemu za jirani, klia imeshaliwa na kompaundi. Anayenunua magari kwa ajili ya kuuza, akinunua kifaa hicho, anaweza kurudisha gharama yake kwa kuepuka gari moja tu baya.

Kwa gari lililonunuliwa kwenye mnada wa Japani, karatasi ya mnada ni shahidi mwingine. Mchoro wa gari kwenye karatasi hiyo huwa na herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni dalili ya kunyooshwa au kupigwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. Karatasi ikiwa na W3 mlangoni na muuzaji akasema gari halijaguswa, mng'aro wa mlango huo hauna thamani ya ushahidi. Muuzaji anayekataa kuonyesha karatasi hiyo naye amejibu swali.

HESABU YA ANAYEOSHA

Lawama zote hazipaswi kumwangukia kijana mwenye tambara. Mara nyingi hulipwa kwa idadi ya magari, kwa hiyo haraka ndiyo mshahara wake. Hulipwa pia kwa tabasamu la mteja, na mteja hutabasamu kwa mng'aro. Soko limemfundisha kuuza kile linachonunua. Anayeweza kubadilisha hali hiyo ni mwenye mtaji, naye ana sababu ya kifedha ya kufanya hivyo.

Ifuatayo ni hesabu ya mfano tu, na kila mtu aweke bei za mtaa wake. Kituo cha kwanza kinaosha magari 20 kwa siku kwa sh. 5,000/- kila moja, na kupata sh. 100,000/-. Kituo cha pili kinaosha magari 12 kwa bei hiyohiyo, sawa na sh. 60,000/-, kisha kinaosha na kupaka nta magari 3 kwa sh. 30,000/- kila moja, sawa na sh. 90,000/-. Jumla ni sh. 150,000/-. Kopo la nta la sh. 50,000/-, likipakwa kwa wembamba unaotakiwa na kutosha magari 15, linagharimu sh. 10,000/- kwa magari hayo 3. Kituo cha pili kinabaki na sh. 140,000/- kabla ya mishahara, kimetumia maji ya magari 15 badala ya 20, na hakikuigusa klia ya mtu.

Zaidi ya hapo, mwenye gari aliyepakwa nta ana sababu ya kurudi kwa tarehe inayojulikana. Nta nzuri katika jua la pwani hudumu wiki chache hadi miezi 2 hivi. Kituo chenye daftari la wateja kinaweza kupiga simu wiki ya 7 na kusema wakati umefika. Mali bila daftari huisha bila habari, na wateja nao ni mali.

Historia ya biashara hii inaonyesha kwamba mtaji wa kuanzia si lazima uwe mkubwa. Katika Chicago ya miaka ya 1940, Benjamin Hirsch, mwasisi wa kampuni iliyokuja kujulikana kama Turtle Wax, alitengeneza nta yake nyumbani. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwenye maegesho ya uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, akang'arisha fenda moja ya kila gari, kisha akasubiri wenye magari watoke mchezoni. Fenda moja ilisema yote. Mbinu hiyo inafaa hata leo, ila kwa nyongeza moja: fundi wa kweli huonyesha nusu ya boneti leo, na baada ya wiki 6 humwagia maji nusu zote mbili mbele ya mteja. Pale maji yanapojikusanya matone na kuteleza, kinga bado ipo. Pale yanapotandaa na kulala, haipo.

Vifaa vya kuanzia ni vya kawaida: ndoo 2, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia; vitambaa laini vya rangi tofauti, ili vya matairi visipande kwenye boneti; udongo laini maalumu wa kunasa uchafu ulioganda juu ya rangi; na kivuli. Gari lioshwe likiwa limepoa, kuanzia juu kwenda chini. Fundi akivaa mfuko wa plastiki mkononi na kupapasa boneti iliyooshwa, atahisi kama bado ina chembe. Nta hupakwa nyembamba, kipande kimoja baada ya kingine, huachwa ikauke hadi iwe kama ukungu, kisha hufutwa. Haipakwi kwenye plastiki nyeusi, maana huacha weupe. Mashine ya kusugulia inunuliwe mwisho, na ipewe aliyejifunzia kwenye boneti za chuma chakavu.

KOPO LINASEMA NINI?

Wauzaji wa vipodozi vya magari nao wana sehemu yao ya ukweli wa kusema. Makopo mengi yana neno "carnauba". Hiyo ni nta ya majani ya mti wa jamii moja na mikoche na minazi, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, katika majimbo kama Ceará na Piauí. Mti huo hujipaka nta ili usipoteze maji katika ukame. Majani hukaushwa, nta hupukutishwa, na Brazil ndiyo inayolisha soko la dunia. Huyeyuka katika nyuzi zipatazo 82 hadi 86, ndiyo maana huvumilia boneti ya moto.

Lakini nta hiyo ikiwa tupu ni ngumu kama jiwe na haipakiki. Ni lazima ichanganywe na mafuta, viyeyusho na nta nyingine. Kwa hiyo maandishi ya "asilimia 100" kwenye kopo lenye kitu laini hayawezi kumaanisha kwamba vyote vilivyomo ni carnauba. Mnunuzi wa jumla asome upande wa nyuma kabla ya kulipia upande wa mbele.

Hapa pia pana neno kwa wenye nyuki. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa nta ya nyuki barani Afrika, kutokana na misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Kigoma, na nta huuzwa nje ikiwa malighafi. Nta ya nyuki ni kiungo cha polishi nyingi. Hata hivyo, huyeyuka katika nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo peke yake haitoshi kwenye boneti ya mchana. Anayefikiria kiwanda kidogo atalazimika kuichanganya na nta ngumu zaidi, au aanze na samani, viatu na ngozi, ambako jua si hakimu.

Kuhusu kinga za seramiki zinazouzwa kwa bei kubwa, ukweli ni wa kati. Zikipakwa ipasavyo hudumu mwaka na zaidi, na hustahimili sabuni kuliko nta. Hazizuii kokoto wala kubonyea. Na zikipakwa juu ya rangi isiyoandaliwa, hufungia uchafu na mikwaruzo chini yake. Anayelipia auulize kwanza muda wa maandalizi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe.

WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba gari la miaka 15 halihitaji nta, na kwamba injini ndiyo gari. Hoja hiyo ina uzito: gari bovu lenye rangi nzuri bado ni gari bovu, na mwenye sh. 30,000/- na oili iliyopitwa na muda abadilishe oili kwanza.

Lakini soko halikubaliani na nusu ya pili ya hoja hiyo. Mnunuzi wa mitaani hana njia ya kuifungua injini, kwa hiyo husoma matunzo kupitia kile anachokiona. Paa lenye mabaka humpa sababu ya kupunguza bei kabla hajauliza kilomita. Mlango uliopigwa rangi humtia shaka ya ajali hata kama hapakuwa na ajali. Na bati lililopoteza rangi mwambao huu halikai muda mrefu kabla ya kutu, na kutu haijali kama injini ni nzima.

Wengine watasema wateja hawataki kulipa zaidi ya sh. 5,000/-. Huenda ni kweli kwa walio wengi. Ndiyo maana hesabu ya hapo juu haikuhitaji walio wengi; ilihitaji wateja 3 kati ya 15. Mwenye teksi ya mtandao, mwenye gari la kukodisha harusini na mwenye yadi wote huishi kwa kuonekana kwa magari yao kesho na keshokutwa, na hao ndio wa kuanza nao.

Kilichobaki ni lugha. Mwenye gari anayefika kituoni na kusema "piga polishi" aulizwe, naye aulize: ya kukwangua au ya kufunika? Kituo kinachoweza kujibu swali hilo bila kigugumizi, kikaandika kwenye risiti ni ipi iliyofanywa na lini, kitakuwa kimeanza kuuza kinga. Na mwenye gari atakayezitunza risiti hizo pamoja na za oili atakuwa na karatasi ya kumwonyesha mnunuzi siku ya kuuza, wakati jirani yake mwenye gari la mwaka uleule atakuwa na mng'aro wa asubuhi hiyo tu.